Aliyevunjwa moyo na upasuaji wa mataya apewe kumbukumbu zake kabla ya kushauriwa kurudia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalowagusa watu ambao sauti zao hazisikiki sana, yaani wale waliofanyiwa upasuaji wa kurekebisha mataya, wakavumilia maumivu, uvimbe na wiki nyingi za kula vyakula laini, kisha wakabaki na matokeo yasiyowaridhisha. Mimi ni mwanamke mmoja miongoni mwao. Tangu nianze kuulizia uwezekano wa kufanyiwa upasuaji wa pili nimekutana na wenzangu kadhaa walio katika hali hiyohiyo, na nimeona kwamba wengi wetu hupewa moja ya majibu mawili. Jibu la kwanza ni kwamba tushukuru, kwani operesheni ilikuwa kubwa na tumetoka salama. Jibu la pili, ambalo hutolewa kwa bashasha, ni kwamba tatizo ni dogo, tupangiwe tarehe tu na mataya yakatwe upya. Majibu yote mawili yana kasoro ileile: yanatolewa kabla ya mtu yeyote kueleza ni kitu gani hasa kilichokwenda kombo.

Ninachotaka kusema ni hiki. Uamuzi wa kurudia upasuaji wa mataya hauwezi kuwa wa busara mpaka mgonjwa na daktari wake wawe wameziweka mezani, kwa pamoja, picha za nyakati tatu: za kabla ya upasuaji pamoja na mpango uliochorwa, zilizopigwa katika siku za mwanzo baada ya upasuaji, na za sasa. Bila ulinganisho huo kila anayezungumza anabahatisha, awe ndugu anayemsihi mgonjwa aridhike au daktari anayemwahidi sura mpya. Kwa sababu hiyo, kumkabidhi mgonjwa kumbukumbu zake zote ni sehemu ya matibabu yenyewe, na hospitali inayomzungusha mgonjwa kutoka dirisha moja hadi jingine, kama nilivyozungushwa mimi, inamnyima kitu ambacho afya yake inakitegemea.

Inafaa nieleze kwa kifupi upasuaji huu unavyofanywa, kwa kuwa ugumu wa kuurudia unatokana na namna ulivyofanywa mara ya kwanza. Mwaka 1849 daktari wa Marekani, Simon Hullihen, alieleza jinsi alivyokata na kupanga upya taya la chini la mwanamke kijana ambaye makovu ya moto yalikuwa yamelivuta na kulipotosha. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1957, Richard Trauner na Hugo Obwegeser walichapisha maelezo ya njia ya kulipasua taya la chini kupitia ndani ya kinywa, mfupa ukitenganishwa kuwa tabaka mbili, ya nje na ya ndani, zinazoteleza moja juu ya nyingine huku zikiendelea kugusana. Mwaka 1961 Giorgio Dal Pont akairekebisha njia hiyo, nayo ndiyo asili ya ile inayotumika hadi leo. Taya la juu hukatwa kwa mlalo juu ya mizizi ya meno, kwa mkato unaobeba jina la René Le Fort, Mfaransa aliyechapisha mwaka 1901 uchunguzi wake kuhusu mistari ambayo mifupa ya uso huifuata inapovunjika. Mifupa ikishafikishwa mahali palipokusudiwa hushikizwa kwa vibamba na skrubu za titani, ambavyo vimewaondolea wagonjwa wengi adha ya kufungwa mataya kwa waya kwa wiki kadhaa.

Katika maelezo hayo kuna mambo mawili ambayo yeyote anayefikiria kurudia upasuaji anapaswa kuyaweka moyoni. Ndani ya taya la chini, katikati ya tabaka hizo mbili, hupita neva inayoupa mdomo wa chini, kidevu na meno ya chini uwezo wa kuhisi. Nalo taya la juu, likishakatwa na kushushwa, hubaki likilishwa kwa damu inayopita kwenye nyama laini za kaakaa na fizi. Majaribio ya William Bell kwa nyani katika miaka ya 1960 na 1970 ndiyo yaliyowapa madaktari uhakika kwamba damu hiyo inatosha. Neva na damu ndizo zinazoufanya upasuaji wa pili usiwe marudio tu ya ule wa kwanza.

Sasa nije kwenye kiini cha barua yangu. Tunapolalamika kwamba upasuaji haukufaulu, tunatumia maneno mamoja kwa mambo yaliyo tofauti kabisa, na tofauti hizo ndizo zinazoamua kama kisu kitasaidia au kitaharibu zaidi.

Kuna taya ambalo halikuwekwa mahali pake tangu siku ya kwanza. Taya la chini linaning'inia kwa viungo viwili vilivyo mbele ya masikio, ambapo kichwa cha mfupa, kilicho na umbo la mviringo, hukaa kwenye kishimo chake. Wakati wa upasuaji mgonjwa amelala chali, misuli yake imelegezwa kwa dawa, na daktari ndiye anayekielekeza kichwa hicho kishimoni huku vibamba vikifungwa. Iwapo wakati huo kichwa kimeshuka au kimesogea kidogo nje ya kishimo, meno yatakutana vizuri kabisa kwenye meza ya upasuaji. Lakini mgonjwa akiamka na misuli ikarudi kazini, kichwa hurejea kishimoni, taya zima hufuata, na meno ya mbele hubaki wazi au kidevu huenda upande. Kosa la namna hii huonekana mapema, mara nyingi pale mipira midogo ya kuyavuta meno inapoondolewa. Likigunduliwa katika siku za mwanzo, kabla mfupa haujaunga, kurudi chumba cha upasuaji upesi ndiko kunakofaa, na kungoja hakuna tija. Katika kundi hili naliingiza pia taya la juu lililofungwa likiwa limeinama upande mmoja, ambalo mgonjwa hulitambua anapotabasamu na kuona fizi nyingi upande huu kuliko upande ule.

Kuna taya ambalo liliwekwa sawasawa, picha za mwanzo zikathibitisha hivyo, kisha likahama. William Proffit na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichapisha mwaka 1996 mpangilio wa mijongeo ya mataya kufuatana na uthabiti wake, na jambo walilolionyesha lingefaa lielezwe kwa kila mgonjwa kabla hajatia sahihi: kulipandisha taya la juu ni miongoni mwa mijongeo inayodumu zaidi, ilhali kulishusha, kulirudisha nyuma taya la chini peke yake, na hasa kulipanua taya la juu kwa upana, ni mijongeo yenye mwelekeo mkubwa wa kurudi ilikotoka. Misuli na nyama zilizonyooshwa huvuta. Ulimi uliozoea kusukuma meno huendelea kusukuma. Waliozaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka huwa na makovu ya zamani yanayolizuia taya la juu kubaki mbele. Kijana aliyefanyiwa upasuaji kabla hajamaliza kukua anaweza kuona taya lake la chini likiendelea kurefuka kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Katika kundi hilo la taya lililohama kuna hali moja ambayo nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonipata na kwa sababu ni hatari kuipuuza. Kwa baadhi ya watu, hasa wanawake vijana ambao taya lao la chini lilikuwa dogo na limerudi nyuma, kichwa cha mfupa kwenye kiungo huanza kuliwa taratibu baada ya taya kusogezwa mbele. Mfupa hupungua kimo, taya hurudi nyuma na kuzunguka kuelekea chini, na meno ya mbele yaliyokuwa yakikutana huanza kuachana. Hakuna kishindo chochote kinachotangaza mabadiliko hayo. Nilikuwa nashona, nikajaribu kukata uzi kwa meno kama nilivyokuwa nikifanya siku zote, na uzi ukapita katikati ya meno ya juu na ya chini bila kuguswa. Nikaupitisha tena, nao ukapita tena. Baadaye daktari wa kupanga meno aliniwekea kinywani ile karatasi nyembamba yenye rangi ambayo mtu huambiwa aing'ate, na alama zilipotokea zilikuwa kwenye magego ya nyuma kabisa tu, meno mengine yote yakiwa meupe. Wataalamu wawili walioniona kwa nyakati tofauti walinishauri taya likatwe tena mapema. Hakuna kati yao aliyeomba kuona picha ya siku za mwanzo.

Picha hiyo nilipoipata hatimaye, baada ya kuandika barua na kusubiri sana, ilionyesha kwamba vichwa vyote viwili vya taya vilikuwa kwenye vishimo vyake na meno yalikuwa yamefungana. Ilipolinganishwa na picha ya sasa, upungufu wa mfupa kwenye kiungo ulionekana hata kwa macho yangu mimi nisiye mtaalamu. Maana yake ilikuwa kubwa. Kama ningekubali taya likatwe tena wakati kiungo bado kinaliwa, ningekuwa nimejenga upya juu ya msingi unaoendelea kubomoka, na matokeo mapya yangefuata njia ya yale ya zamani. Katika hali hii jambo la busara ni kwanza kuchunguza chanzo, yakiwemo magonjwa ya viungo ya mwili mzima, kukipumzisha kiungo, na kuendelea kupiga picha kwa vipindi mpaka ithibitike kwamba mfupa umetulia. Ndipo upasuaji wa pili huzungumzwa, na kwa wengine huzungumzwa kwa maana ya kuwekewa kiungo bandia badala ya kukata taya palepale. Hayo yote yalitegemea picha moja iliyokuwa imelala kwenye kompyuta ya hospitali.

Kisha kuna kundi linalosahaulika, la wale ambao mifupa yao imekaa palepale ilipokusudiwa na haijasogea, lakini wao wenyewe hawajaridhika. Kwa hawa picha zitaonyesha ufanisi, na daktari anaweza kudhani kwamba mjadala umekwisha. Haujaisha. Kompyuta ya siku hizi inaweza kupanga mjongeo wa mfupa kwa kiwango cha milimita, lakini haina uhakika huohuo kuhusu namna mdomo, pua na mashavu yatakavyoufuata mfupa. Taya la juu likisogezwa mbele au juu, pua huweza kutanuka kwenye mabawa yake na mdomo wa juu ukawa mwembamba. Taya la chini likisogezwa mbele sana, huweza kubaki bonde kwenye ukingo wake wa chini, mahali mfupa ulipokatwa, na mtu akiligusa kwa kidole hulisikia waziwazi. Misuli ya kidevu isiporudishiwa vizuri mahali pake, nyama ya kidevu hulegea na kushuka. Wapo pia ambao taya la chini lilirudishwa nyuma, wakapata mpangilio mzuri wa meno lakini njia ya hewa nyuma ya ulimi ikapungua, wakaanza kukoroma na kuamka wamechoka. Hao wanahitaji kupimwa usingizi kabla ya jambo jingine lolote. Na wapo waliobaki na ganzi mdomoni, ambao maji huwachuruzika kidevuni wasijue mpaka waone nguo imelowa.

Nalisema hili la ganzi kwa mkazo, kwa sababu nimemsikia mgonjwa mwenzangu akiambiwa kwamba upasuaji wa pili huenda ukaiamsha neva yake. Kuilegeza neva iliyobanwa na skrubu au kipande cha mfupa ni shughuli mahususi yenye sababu zake zinazoonekana kwenye picha, nayo haifai kucheleweshwa. Lakini kulikata taya upya kwa ajili ya kurekebisha sura, kwa mtu ambaye neva yake tayari imejeruhiwa, ni kuihatarisha neva hiyo mara ya pili. Neva iliyojeruhiwa hukua kwa kadiri ya milimita moja kwa siku inapokuwa na njia ya kupita, na ndiyo maana miezi ya mwanzo huleta mabadiliko mengi, ya kuwashwa na kuchomwachomwa, kabla hali haijatulia.

Hapo ndipo suala la muda linapoingia. Uvimbe hufikia kilele katika siku mbili au tatu za mwanzo, sehemu kubwa huondoka katika wiki zinazofuata, lakini masalia yake huweza kuchukua hadi mwaka mzima. Mfupa hushikana katika wiki kama 6, kisha huendelea kujijenga upya kwa miezi mingi. Anayehukumu sura yake katika mwezi wa pili anahukumu uvimbe. Kwa hiyo ushauri wa kungoja takriban mwaka mmoja kabla ya kuamua ni mzuri kwa wengi, nami nauunga mkono, mradi usitumiwe kama pazia. Zipo hali ambazo haziruhusu kungoja: meno ambayo ghafla hayakutani katika siku za mwanzo, mfupa unaocheza mtu anapotafuna, usaha, kibamba kilichokatika, au jino la taya la juu na fizi yake kubadilika rangi. Mgonjwa mwenye dalili hizo akiambiwa arudi baada ya mwaka, ametelekezwa.

Wakati wa kungoja kuna jambo moja la kuangalia ambalo halitajwi vya kutosha. Nyaya za meno kwa kawaida hubaki kinywani kwa miezi kadhaa baada ya upasuaji ili meno yapangwe kwa usahihi wa mwisho. Mgonjwa anayehisi kwamba mataya hayako sawa aseme kabla nyaya hazijaondolewa, kwa sababu zikishatolewa na ikaja kuamuliwa kwamba upasuaji urudiwe, atalazimika kuzivaa upya, na kila kipindi kirefu cha kuvuta meno kina hatari ya kuifupisha mizizi yake. Vilevile meno yenyewe huweza kulificha tatizo: daktari wa kupanga meno, kwa nia njema kabisa, anaweza kuyavuta mpaka yakutane ilhali mifupa iliyo chini yake imekaa vibaya, na kabla ya upasuaji wa pili meno hayo itabidi yarudishwe mahali pake pa asili, hata kama hatua hiyo itaufanya mng'ato, yaani namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana, uonekane mbaya zaidi kwa muda.

Tuseme sasa kwamba sababu imepatikana, muda umetimia na viungo vimetulia. Je, mtu arudie? Mimi naamini kwamba kwa wengine jibu ni ndiyo, na wasione haya kulitoa. Asiyeweza kutafuna, anayekosa hewa usingizini, anayeumwa kiungo kila anapofungua kinywa, au ambaye uso wake umepindishwa na upasuaji kwa kiasi ambacho yeyote hukiona, ana sababu halali. Lakini aingie akijua. Mara ya pili daktari hupita kwenye makovu, ambako tabaka za nyama zimegandamana na hazitenganishwi kwa urahisi. Vibamba vya zamani huenda vimefunikwa na mfupa na vikahitaji kuchimbuliwa. Mfupa wa taya la chini uliokwisha kupasuliwa kuwa tabaka mbili haupasuki tena kwa utii uleule, na uwezekano wa kupasuka pasipotakiwa huongezeka. Taya la juu lenye makovu kwenye kaakaa na fizi hupata damu kwa njia finyu zaidi, na hasa kwa mvutaji sigara hatari ya fizi, meno au kipande cha mfupa kukosa uhai si ya kufikirika tu. Daktari asiyeyataja haya mwenyewe, bila kuulizwa, hafai kupewa taya la mtu.

Tena si kila kasoro inayotaka mataya yakatwe yote. Kidevu kilichoenda upande kinaweza kukatwa na kusogezwa peke yake, kwa operesheni ndogo kuliko ile ya kwanza. Bonde kwenye ukingo wa taya hujazwa kwa mafuta ya mwili wa mgonjwa mwenyewe au kwa kipandikizi. Pua iliyotanuka hurekebishwa kama pua. Kibamba kinachouma au kinachosikika chini ya ngozi huondolewa mfupa ukishaunga, na kwa wengine usumbufu huishia hapo. Mpangilio wa meno uliopungua kidogo huweza kumalizwa kwa nyaya. Ninaona kwamba njia hizi ndogo zinapaswa kuzungumzwa kwanza, wala zisichukuliwe kuwa faraja ya aliyenyimwa kubwa. Mtu aliyekuja na kilio cha pua haoni faida ya kukatwa taya.

Suala la hisia linahitaji uangalifu wa pekee. Ni kweli kwamba wapo watu ambao hawatatulia hata wakipasuliwa mara ngapi, kwa kuwa maumivu yao yako kwenye namna wanavyojitazama, na kwa hao kisu ni ukatili. Ni kweli pia kwamba wiki za mwanzo huwa na huzuni kwa watu wengi, hata wale ambao hatimaye hufurahia matokeo, kwani si jambo jepesi kuamka na uso ambao haujauzoea. Ndiyo maana kuzungumza na mshauri wa saikolojia kabla ya upasuaji wa pili ni hatua ninayoiheshimu na niliyoipitia. Ninachokikataa ni ushauri huo kutumiwa kama mlango wa kumtolea mgonjwa nje. Mwanamke akisema meno yake hayakutani, apimwe meno kwanza. Nimesikia wenzangu wakiambiwa kwamba wanajiangalia sana kwenye kioo, na mmoja wao, picha zilipokuja kupigwa, alikutwa na kibamba kilichovunjika.

Kwa ndugu na jamaa nina ombi pia. Nafahamu kwamba mnaposema "mbona uko sawa tu" mnataka kututuliza. Lakini mnachokiona ni uso uliotulia mezani. Hamuoni mtu akitafuna kwa magego mawili tu, akiwa wa mwisho kumaliza chakula, au akiziba kinywa kwa kiganja anapocheka. Wala msitusukume tukate shauri upesi ili jambo hili liishe nyumbani. Tusaidieni kukusanya karatasi, kaeni nasi tunapoonana na daktari, na andikeni anachosema, kwa sababu mtu anayezungumziwa mfupa wake mwenyewe hasikii nusu ya maneno.

Nirudi kwenye kumbukumbu, ambazo ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Kila aliyefanyiwa upasuaji wa mataya anapaswa kutoka hospitalini, au katika mahudhurio yake ya kwanza, akiwa na nakala za picha za CT, yaani zile za kompyuta zinazouonyesha mfupa kwa pande zote, na eksirei za kabla na za siku za mwanzo baada ya upasuaji, zikiwa mafaili kamili yanayofunguka kwenye kompyuta ya daktari mwingine, maana picha iliyochapishwa kwenye karatasi haipimiki. Apewe nakala ya mpango wa upasuaji wenye milimita zake, ili ijulikane ni umbali gani uliokusudiwa na ni umbali gani uliofikiwa. Apewe picha za uso na mifano ya meno yake iliyotengenezwa kwa vipimo. Na apewe taarifa ya operesheni yenyewe, iliyoandikwa na aliyeifanya, ikieleza mikato iliyofanywa, hali ya neva kama ilionekana au iliguswa, matatizo yaliyotokea wakati wa upasuaji, na aina ya vibamba na skrubu vilivyotumika pamoja na jina la mtengenezaji. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini vichwa vya skrubu hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, na daktari wa pili asiyejua aina yake anaweza kumfungua mgonjwa kisha akakosa bisibisi inayoingia.

Wapo madaktari watakaoona kwamba kumpa mgonjwa mambo haya ni kumpa silaha ya kuwashtaki. Nafahamu hofu hiyo, na najua kwamba wengi wao hufanya kazi ngumu kwa uaminifu. Matokeo mabaya hutokea hata mikononi mwa walio bora. Lakini kwa niliyoyaona, kinachomfanya mgonjwa apandwe na hasira ni kufichwa. Daktari wangu wa kwanza, baada ya kuziona picha zote tatu mbele yangu, alikaa na kunieleza kwa utulivu kilichotokea, na kuanzia siku hiyo nimekuwa nikimwendea kwa ushauri pamoja na daktari wa pili niliyemchagua. Ningependa iwe kawaida kwa daktari wa kwanza kusikilizwa kabla mgonjwa hajahama, na kwa daktari wa pili kukataa kutoa hukumu yoyote mpaka ameziona kumbukumbu, na kwa wote wawili kuandika maoni yao kwa maneno ambayo mgonjwa anaweza kuyasoma nyumbani bila mkalimani. Daktari wa kupanga meno naye awemo katika mazungumzo hayo tangu mwanzo, maana mara nyingi huletwa mwishoni wakati tarehe imekwisha kupangwa.

Upasuaji wangu wa pili bado sijauamua. Kiungo changu kinafuatiliwa, na picha ijayo ndiyo itakayosema kama mfupa umetulia. Naziomba hospitali zote zinazofanya upasuaji huu, pamoja na mabaraza yanayowasimamia madaktari, ziongeze kwenye fomu ya ridhaa ambayo mgonjwa hutia sahihi kabla ya upasuaji kifungu kimoja kinachotaja kumbukumbu atakazokabidhiwa, siku atakayokabidhiwa na mtu anayewajibika kumkabidhi. Kifungu hicho kikiwepo, atakayepatwa na yaliyonipata hatalazimika kuandika barua kuomba picha za mataya yake mwenyewe.

Msomaji wako,
(Jina na anwani vimehifadhiwa)